Kitambi cha Fundi, Hofu ya Mwalimu

Mjini Tanga, mwanamume akinenepa sifa humwendea mkewe. Atakutana na jamaa mitaa ya Ngamiani, tumbo likiwa limemtangulia, jamaa atamshika mkono na kumwambia, "Ndugu yangu, umenawiri! Shemeji anakutunza." Akikonda, lawama nazo hupita njia hiyo hiyo: mke hapiki, mke ana kisirani, nyumba haina amani. Kwa hiyo mwanamke anayeingiwa na wasiwasi kuhusu unene wa mumewe huanza akiwa peke yake. Kinachomnyima usingizi ndicho mashoga zake wanachompongezea.

Mwalimu wa shule ya msingi anayesimuliwa hapa alipita humo. Mumewe ni fundi cherehani. Walipooana alikuwa kijana mwembamba wa baiskeli, kama walivyokuwa vijana wengi wa Tanga, mji tambarare ambao baiskeli zimejaa hata leo. Kazi yake pia ilikuwa ya miguu, kwa kuwa cherehani ilikuwa ya kukanyaga. Mambo yalipomnyookea alifunga mota kwenye cherehani, akanunua pikipiki, akaajiri vijana wa kupiga pasi na kutia vifungo. Kila hatua ya maendeleo ilimpunguzia mwendo, na chakula hakikupungua, kiliongezeka. Alipoingia miaka hamsini mizani ilisoma kilo 104, kwa mtu wa mita 1.72.

Mwalimu aliogopa kisukari kwa sababu alikuwa ameshauona mwisho wake. Mama yake mzazi aligunduliwa kisukari baada ya kidonda cha kidole gumba cha mguu kugoma kupona. Kidole kilikatwa, kisha mguu chini ya goti. Mwalimu ndiye aliyekuwa akimfungua bandeji na kumwosha. Anaujua ugonjwa huu kwa harufu yake. Usiku, mumewe akikoroma kwa nguvu halafu akanyamaza ghafla kama aliyesahau kupumua, Mwalimu alikuwa akikaa macho akingoja pumzi irudi. Kukoroma kwa namna hiyo, pumzi ikikatikakatika, huwapata sana watu wanene, na wanaokoroma hivyo huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari.

Alama iliyomshtua zaidi ilikuwa shingoni. Nyuma ya shingo ya fundi, pale kola ya shati inapolalia, ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi kuliko kwingine, nene kidogo, laini kama mahameli ukiigusa, yenye mikunjo midogo midogo. Mwalimu alidhani ni jasho na vumbi la dukani. Alimsugua kwa dodoki na sabuni, siku nyingine kwa ndimu, mpaka mume akalalamika, "Mama watoto, utanichuna." Weusi haukutoka. Wifi yake, mdogo wa fundi ambaye ni muuguzi, alikuja kula nao mchana mmoja, akamwona kaka yake ameinama kunawa. Baadaye, jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, ile si taka. Usiisugue. Ile inatoka ndani."

Alikuwa sahihi. Ngozi ya shingo, ya makwapa au ya kinena ikigeuka hivyo kwa mtu mnene, mara nyingi ni dalili kwamba mwili wake umeanza kuwa mzito kuitikia insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho. Insulini ikizidi kwenye damu huchochea seli za ngozi zikue kupita kiasi. Wapo wengi wanaoitafutia mafuta ya kung'arisha, na dukani yatapatikana, lakini hakuna mafuta yatakayofika kwenye chanzo.

Chanzo kiko tumboni. Mwili huweka akiba ya mafuta chini ya ngozi, na kila mtu ana kipimo chake cha akiba hiyo. Kikijaa, mafuta hujiweka pasipo mahali pake: ndani ya ini, kisha ndani ya kongosho. Ini lililojaa mafuta haliitiki tena vizuri insulini, bali huendelea kumimina sukari kwenye damu hata kama mwenyewe amelala na njaa. Kongosho huongeza insulini ili kufidia. Linaweza kufanya hivyo miaka mingi, kama fundi anayelazimishwa kushona kila usiku kwa kasi ya mkesha wa Idd, na mwenye mwili asihisi lolote. Siku linapochoka ndipo sukari hupanda na kubaki juu. Ndiyo maana kitambi kina hatari kuliko unene wa mapaja au makalio, na ndiyo maana mtu asiye mnene wa kuonekana anaweza kuwa na kisukari ilhali jirani yake wa kilo 110 hana.

Maelezo haya yametokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza. Yeye na Profesa Mike Lean wa Glasgow waliongoza utafiti ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 2017: watu waliokwisha kupata kisukari cha aina ya pili waliwekwa kwenye mlo wa nishati kidogo sana kwa miezi kadhaa, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari iliyoshuka chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Kwa waliopungua kilo 15 au zaidi, ilikuwa asilimia 86. Ikiwa hata aliyekwisha kuugua anaweza kurudi nyuma, basi aliye njiani ana nafasi kubwa zaidi, na Mwalimu alihitaji sana kulisikia hilo. Hadi hapo yeye alikuwa anakijua kisukari kama hukumu.

Wazee wa Tanga watasema zamani maradhi haya hayakuwepo, na hawako mbali na ukweli. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake, waliopima maelfu ya watu katika vijiji sita vya Tanzania. Wenye kisukari hawakufika hata mmoja kati ya 100. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa, uliochukua watu wa miaka 25 hadi 64 wa mijini na vijijini, ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizo mbili hazilingani kwa umri wala kwa mahali, kwa hiyo si haki kuziweka bega kwa bega kama hesabu moja. Hata hivyo pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa na tofauti za vipimo tu. Kwa Afrika bila nchi za kaskazini, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 wanaishi na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawajui. Hawajui mpaka kidonda kigome, macho yafifie, au mwanamume aanze kuhangaika na dawa za nguvu za kiume za mitaani, asijue kwamba mishipa yake imeharibiwa na sukari.

Fundi alikuwa na watu wengi wa kumwambia kuwa ni mnene. Pale barazani, nje ya duka, walimwita Bonge. Alicheka nao. Shemeji yake mmoja kila akija alimpapasa tumbo na kumuuliza anatarajia lini. Alicheka pia. Jioni akifunga duka alipitia kwa muuza chipsi, akala chipsi mayai amesimama, kisha akaja nyumbani kula tena na watoto, kwa sababu baba asiyekula na familia ataulizwa alikokula. Mwalimu aliyajua yote hayo kupitia harufu ya mafuta kwenye mashati.

Utani wa namna hii unahesabiwa kuwa mapenzi, na wengi wanaamini unamsukuma mtu abadilike. Ushahidi uliopo unaelekea kwingine. Mwaka 2014 watafiti wa University College London walichapisha habari za watu wazima 2,944 wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka minne. Waliosema wamewahi kudhalilishwa kwa sababu ya uzito wao waliongezeka wastani wa karibu kilo moja. Ambao hawakukutana na hayo walipungua kidogo, kama gramu 700. Mtu anayeona aibu hula kwa kujificha, hukwepa uwanja wa mazoezi, hukwepa hata hospitali akijua kwamba neno la kwanza atakaloambiwa ni uzito. Kumchunga mume sahani, kumhesabia matonge mbele ya wanawe, kumnong'onea "unakula tena?" kwenye shughuli za watu, vyote viko katika kapu hilo hilo, hata kama aliyesema amesukumwa na huruma.

Wifi ndiye aliyetoa njia. "Kapimeni wote wawili," alisema. "Wewe mama yako alikuwa na sukari. Hujawahi kupima tangu azikwe."

Ilikuwa kweli. Hofu yote ya Mwalimu ilikuwa imeelekezwa kwenye mwili wa mwenzake, wakati damu ya hatari ilikuwa yake pia. Usiku ule alimwambia mumewe maneno machache, na kila neno lilikuwa la kweli: "Baba watoto, mimi naogopa. Ule ugonjwa wa mama unaweza kuwa kwangu. Nataka nikapime, lakini peke yangu siwezi. Nisindikize."

Mwanamume ambaye angekataa kwenda kupimwa unene wake hakukataa kumsindikiza mkewe. Waliondoka alfajiri bila chai, kwa sababu kipimo cha sukari kinataka mtu awe hajala kwa saa nane au zaidi. Pale mapokezi muuguzi alipomaliza kumtoboa Mwalimu kidole alimgeukia fundi na kuuliza, "Na baba naye?" Akanyoosha mkono.

Sukari yake ilisoma 6.6. Ya mkewe, mwanamke wa kilo 61, ilisoma 6.2. Walirudia siku nyingine kwa damu ya mshipani, majibu yakawa karibu na yale yale.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya mtu ambaye hajala ikifika 7.0 kwenye kipimo cha milimoli kwa lita, hicho ni kisukari. Chini ya 6.1 ni salama. Kati ya hapo ni njia panda, na pale ndipo walipokuwa wote wawili. Fundi alimtazama mkewe, akasema, "Kumbe tuko pamoja." Tangu siku ile habari ya kitambi chake haikuzungumzwa tena kama kesi yake binafsi.

Jambo hili lina mizizi hata kwenye takwimu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2014 walikusanya tafiti sita na kukuta kwamba mtu ambaye mwenza wake ana kisukari ana uwezekano wa asilimia 26 zaidi wa kukipata naye, ingawa mume na mke hawana damu moja. Wanachangia meza, saa za kulala, televisheni, wageni na sherehe. Mlango huo unafunguka pande zote mbili: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, wenza wa watu waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito walipungua nao wastani wa kilo mbili kwa mwaka, ingawa wao wenyewe hawakuandikishwa popote. Kuna hoja nzito humo kwa yeyote anayelala macho akiwaza mwili wa mwenzake: nguvu yake kubwa iko kwenye maisha wanayochangia, na humo ana haki kamili ya kubadilisha mambo bila kuomba ruhusa ya mtu, kwa kuwa na yeye ni mlaji.

Wifi aliwapa lengo, na lengo hilo halikuwa kumrudisha fundi kwenye wembamba wa harusi. Lilikuwa kilo saba. Lilitokana na utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha watu 3,234 waliokuwa kwenye njia panda hiyo hiyo. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformini. Kundi jingine lilipewa mwalimu wa kuwafuata kwa karibu na malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kwa muda wa karibu miaka mitatu, vidonge vilipunguza idadi ya waliopata kisukari kwa asilimia 31. Mlo na mwendo vilipunguza kwa asilimia 58. Wafini walikuwa wamechapisha matokeo yao mwaka mmoja kabla, kwa watu 522, nao walipata asilimia 58 ile ile. Asilimia 7 ya kilo 104 ni kilo saba na ushei. Mtu wa kilo 97 bado ataitwa Bonge pale barazani, lakini ndani ya ini lake mambo yatakuwa yamebadilika sana.

Kazi ilianzia kwenye nazi. Asiyeijua Tanga atashangaa, lakini mlo mmoja wa mchana unaweza kuwa na wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kupaka, yote kwa tui zito la kwanza. Mwalimu alipojaribu kuipikia familia wali mweupe, fundi aliweka kijiko chini. "Mama watoto, bila nazi sijala." Walikubaliana nazi iingie chungu kimoja tu kwa siku. Siku ya wali wa nazi, samaki huchomwa na mboga hukaangwa kwa kijiko cha mafuta; siku ya maharage ya nazi, chakula ni ugali wa dona. Sahani zenyewe zilibadilika mpangilio: mchicha, matembele, kisamvu, bamia au mlenda vilichukua nusu, samaki au kunde robo, na wali ukabaki na robo yake. Wali ulikuwa umezoea kuwa mlima. Wiki za mwanzo watoto walilalamika, na baba yao zaidi ya wote.

Chai ilikuwa vita nyingine. Fundi alikuwa mtu wa vijiko vinne kwa kikombe, asubuhi, saa nne na jioni, na duka lilikuwa na birika lake. Waliteremka kijiko kimoja kimoja, kila mara wakisubiri ulimi uzoee, wakaongeza tangawizi na iliki ili kikombe kisiwe na upweke. Soda ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu haikuwa ya kununua. Mteja akifurahia suruali yake humtumia mtoto akamletee fundi soda baridi, na kuikataa ni kumvunjia mtu heshima. Lakini chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari ya karibu gramu 37, vijiko tisa hivi vya chai, na Shirika la Afya Duniani linaona vizuri zaidi mtu mzima asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Fundi alijifunza kusema mapema, kabla pesa haijatoka mfukoni: "Mimi niletee maji makubwa, ya baridi." Heshima ikabaki pale pale. Machungwa ya Muheza waliendelea kuyala, lakini yakiwa na nyama zake, wala si maji yake yaliyokamuliwa kwenye jagi na kutiwa sukari.

Kuhusu mwendo, magoti yalikataa baiskeli kwa miezi ya mwanzo. Walianza na matembezi baada ya chakula cha jioni, mke na mume, kuzunguka barabara zenye namba za Ngamiani, na mwisho wa wiki kwenda mpaka Raskazone kupunga upepo wa bahari. Msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haiitikiwi vizuri, kwa hiyo matembezi ya muda huo, chakula kikiwa kinaingia damuni, yana faida mara mbili. Yalikuwa na faida ya tatu ambayo Mwalimu aliithamini kuliko zote mbili: kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi walikuwa wanaongea bila watoto, bila wateja, bila televisheni. Mambo ya ada ya shule, ya kiwanja cha Pongwe, hata ya marehemu mama yake, yalizungumzwa humo.

Dukani, fundi aliondoa mota kwenye cherehani moja na kurudia kukanyaga kwa kazi ndogo ndogo.

Hakuna mtu Ngamiani ajuaye viuno vya watu kama fundi. Ana madaftari ya vipimo ya miaka na miaka, kila mteja na ukurasa wake: kifua, mabega, kiuno, makalio, urefu. Mchana mmoja, duka likiwa tupu, alichukua futi kamba iliyokuwa shingoni mwake, akaizungusha kitovuni mwake mwenyewe, akatoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani, akasoma: inchi 44. Wifi alikuwa amemweleza kanuni rahisi, kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wa mtu. Kwa urefu wake nusu ni inchi 34. Akafungua daftari la zamani, akapita majina ya wateja aliowashonea tangu ujana wao, walimu, makarani wa bandari, wafanyabiashara wa sokoni, na kurasa zikamwonyesha kitu alichokuwa akikiandika kwa mkono wake bila kukitazama: thelathini na moja, thelathini na nne, thelathini na nane, arobaini na moja. Suruali zote zile alizoachia mishono kiunoni zilikuwa na maelezo.

Kilo za kwanza ziliposhuka, maneno yalianza. Mama mkwe alikuja kutoka Pangani, akamtazama mwanawe, akamgeukia mkamwana: "Mwanangu umemfanyaje? Mbona mashavu yameingia?" Barazani walinyamaza alipopita, na kimya hicho kilikuwa na maana yake. Kizazi cha fundi kilikua katika miaka ambayo kukonda kulimaanisha jambo moja. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baadaye, kabla dawa hazijawafikia watu, mtu aliyepungua mwili alisemwa kuwa amekanyaga waya. Dawa zipo sasa, wagonjwa wanazeeka na afya zao, lakini jicho la mtaani halijabadilika. Wanaume wengi wenye vitambi wanaogopa kupungua kuliko wanavyoogopa kisukari, na kampeni za afya zinazohubiri uzito bila kuligusa hilo zinaacha nusu ya jambo nje.

Fundi alilimaliza mwenyewe. Alisimama barazani akawaambia wenzake, "Nimepima vyote viwili. Ngoma sina. Sukari ilikuwa inabisha hodi, sijaifungulia." Wawili kati yao walimfuata dukani baadaye, mmoja mmoja, wakiuliza kipimo kinafanyikaje na kinauma kiasi gani. Mama mkwe alichukua muda mrefu zaidi. Binti yake muuguzi alimkalisha akamweleza habari ya mguu wa marehemu mkwe mwenzie, aliyemjua na kumpenda, na kutoka hapo hakusema tena juu ya mashavu.

Ramadhani iliwarudisha nyuma. Saa za mfungo ni nyingi, na futari ya pwani ni mihogo ya nazi, magimbi, ndizi mbichi, tambi za sukari na kalimati zilizolowa shira, kisha daku kabla ya alfajiri. Mizani ilipanda kilo mbili, na Mwalimu aliingiwa tena na ile hofu yake ya usiku. Hapa ule utafiti wa Marekani wa kuzuia kisukari una habari ya kutuliza: washiriki wake waliendelea kufuatiliwa, wengi wakarudisha sehemu kubwa ya uzito walioupoteza, na bado baada ya miaka 10 waliokuwa kundi la mlo na mwendo walikuwa na visa vya kisukari pungufu kwa asilimia 34, na baada ya miaka 15, asilimia 27. Kilo zikirudi hazifuti faida yote. Baada ya Idd walirudi kwenye chungu kimoja cha nazi na matembezi.

Mwaka ulipopita, fundi alikuwa kilo 96. Sukari yake kabla ya kula ilisoma 5.8, ya Mwalimu 5.6. Weusi wa shingoni umepungua, haujaisha. Kukoroma kupo, ila pumzi haikatiki kama zamani. Daktari amewaambia warudi kila mwaka bila kusubiri dalili, na ameeleza kwamba ikiwa sukari itaanza kupanda tena licha ya juhudi zao, vidonge vipo na kuvitumia si kushindwa. Mwalimu anahifadhi majibu yote kwenye bahasha moja kabatini, ya wote wawili pamoja, tarehe zikiwa zimefuatana.

Idd iliyofuata mtoto wao mkubwa, dereva wa lori la Dar es Salaam hadi Tunduma, alikuja nyumbani na kitambaa cha suruali. Baba yake alimpima: kiuno inchi 39, umri miaka ishirini na saba, bibi mzaa mama mwenye kisukari, na wazazi wote wawili walionusurika kwenye njia panda. Fundi aliandika namba kwenye daftari, akamwambia, "Suruali itakuwa tayari kesho mchana. Asubuhi usinywe chai, tunakwenda mahali." Kijana alitaka kubisha, akamtazama mama yake, mama naye akawa ameshatoa ile bahasha kabatini, akaanza kumsomea majibu yake mwenyewe.